Baiskeli Mpya ya Haibridi: Hesabu Kutoka Kisumu Ndogo

Baiskeli yangu hulala nami chumba kimoja. Chumba chenyewe ni kile cha futi kumi kwa kumi ambacho wengi wetu hapa Kisumu Ndogo, Kibera, tunakijua: kitanda upande huu, jiko la gesi upande ule, pazia katikati, na sasa gurudumu la mbele limetundikwa kwenye msumari juu ya mitungi ya maji. Naanzia hapo kwa sababu mtu akiniuliza anunue baiskeli gani, swali la kwanza ninalomrudishia ni hili: italala wapi? Ikiachwa nje haitakuwepo asubuhi. Na ile isiyopita mlangoni, au isiyoinulika ikavushwa mtaro siku ya mvua, haiwi ya mtaa huu hata ikisifiwa vipi dukani.

Nimeiendesha miezi saba, Februari hadi Agosti, masika yakiwa katikati. Kazi yangu ni kuweka hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi Kawangware, kwa hiyo kila shilingi iliyoihusu baiskeli hii imo kwenye daftari. Bei nitakazotaja ni nilizolipa mwenyewe au nilizotajiwa nikiwa nimesimama mbele ya muuzaji. Ukienda kesho huenda ukakuta zimesogea, lakini pengo kati ya baiskeli moja na nyingine utalikuta palepale.

Safari yangu ni kilomita sita na ushei. Naisukuma kwa mguu vichochoroni hadi Kibera Drive, nashika Joseph Kang'ethe, natokea Ngong Road pale Adams Arcade, napanda mlima mrefu wa taratibu hadi Dagoretti Corner, kisha Naivasha Road mpaka Kawangware. Kawangware nako wapo wanaoliita pande lao Kisumu Ndogo, na wenzangu kazini husema natoka Kisumu naenda Kisumu. Kabla ya baiskeli nilikuwa natembea hadi Ngong Road na kupanda matatu kwa shilingi 50. Mvua ikinyesha kondakta anataja 80, siku nyingine 100, nawe huna la kujibu kwa sababu nyuma yako kuna watu ishirini wanaosubiri kiti hicho hicho. Kwa siku 26 za kazi, wastani wangu ulikuwa shilingi 2,800 kwa mwezi. Bodaboda ni 150 kila upande, yaani 7,800 kwa mwezi, na mshahara wangu haubebi hilo.

Lazima niseme hapa kwamba majirani zangu wengi hawalipi nauli kabisa. Takriban safari 4 katika kila 10 za jiji la Nairobi hufanywa kwa miguu, na ukisimama kando ya reli saa kumi na moja alfajiri utaziona kwa macho yako, watu wamefuatana kama siafu kuelekea Industrial Area. Mtu wa namna hiyo akinunua baiskeli hatarudishiwa pesa na nauli, kwa sababu hakuwa akiitoa. Anachopata ni saa mbili za siku yake, na saa hizo ni juu yake kuzipa bei.

Zamu yangu ya chama ilipofika mwezi wa Januari, nilikuwa na shilingi 30,000 za akina mama wenzangu na akiba kidogo. Nikazunguka wiki tatu kabla ya kulipa.

Ya kwanza kuijaribu ilikuwa Black Mamba ya jirani anayesambaza mkate. Hiyo kila Mkenya anaijua: chuma kitupu, nyeusi, breki za fimbo, keria pana nyuma, umbo lile lile walilopanda babu zetu, nyingi zikiwa zimetengenezwa India au China. Mpya nilitajiwa 13,500, pamoja na keria, madigadi, kengele na stendi. Niliipima kwenye mizani ya dukani kwetu, ile tunayopimia misumari, ikasoma kilo 21.8. Ndiyo baiskeli iliyoanzisha neno bodaboda kule mpakani Busia miaka ya 1960, na ndiyo iliyobeba abiria wa Kisumu kwenye mito ya sponji kabla pikipiki hazijaichukua kazi hiyo. Ukiipakia mitungi miwili ya lita 20 haitikisiki. Lakini haina gia. Nilipofika mlima wa Ngong Road nilishuka nikaisukuma, na safari nzima ikanichukua dakika 38. Kisha kuna kile chuma cha juu cha fremu. Mimi huvaa sketi kazini, na kurusha mguu juu ya Mamba kila unaposimama kwenye taa, matatu zikikupigia honi, ni adha isiyoandikwa kwenye bei.

Mtumba nao una milango miwili. Kuna za kutoka Japani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama chini, nyingi zikiwa na gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Nilizipenda sana. Gia ya ndani haiingii tope wala haipindwi ikigongwa, na kwa mama anayekwenda sokoni sijui kama kuna iliyo nzuri kuliko hiyo. Shida ni siku gia hiyo itakapokataa: mafundi watatu niliowauliza hapa Kibera waliniambia hawajawahi kuifungua. Halafu kuna za kutoka Uingereza na Ulaya, na humo ndimo nilimoikuta haibridi kwa mara ya kwanza. Shilingi 14,000, fremu ya chuma, rangi imechubuka, mnyororo umelegea. Fundi niliyekwenda naye alipiga hesabu hapo hapo: matairi mawili 2,600, mnyororo 600, nyaya 300, mipira ya breki 300, ufundi 500. Jumla ya marekebisho 4,300.

Za supamaketi nazipita haraka. Zinametameta, zina shokapu mbele na nyuma, zimeandikwa gia 21, na niliyoiona ilikuwa 16,000. Shokapu zile zinameza nguvu ya mguu wako kila unapokanyaga pedali, uzito unakaribia wa Mamba, na mikono ya breki ni plastiki. Mtoto ataifurahia uwanjani. Usiende nayo kazini.

Ipo nyingine ambayo haiuzwi mtaani kwetu, lakini kulinganisha bila kuitaja ni kuiba kura. Inaitwa Buffalo. Iliundwa na shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, na hapa Kenya huunganishwa Kisumu, Kisumu yenyewe. Shangazi yangu upande wa Siaya anayo. Ni nzito, karibu kilo 23, spoki zake ni nene kuliko za kawaida, keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100, na breki ya nyuma unaifunga kwa kukanyaga pedali kinyume, kwa hiyo hakuna waya wa kukatika. Mwaka 2023 walitoa toleo la gia mbili ambalo unabadilisha gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Niliendesha ile ya zamani ya shangazi Desemba iliyopita kwenye barabara ya murram, na nikafahamu mara moja kwamba aliyeibuni alimwuliza mkulima kabla ya kuchora. Kwa mwenye kuuza maziwa au kubeba makaa, sitamshauri kitu kingine. Kwangu, kuipitisha kichochoro cha upana wa mabega na kuinyanyua juu ya mtaro kila asubuhi ingekuwa kazi kabla ya kazi.

Mwishowe nikanunua haibridi mpya kwa 29,500.

Haibridi ni mseto, na mseto wake unaeleweka ukiitazama. Magurudumu ni makubwa na mepesi kama ya baiskeli ya mbio. Usukani umenyooka kama wa baiskeli ya milimani. Matairi yako katikati: yangu ni milimita 40, hayana meno makubwa, lakini si membamba ya kuzama kwenye kila ufa wa lami. Unakaa mgongo umenyooka kiasi cha kuona mbele juu ya paa za magari madogo. Niliichagua yenye fremu ya kike, iliyoshuka katikati, ili nipite na sketi. Kwenye mizani ilisoma kilo 14.2. Dukani haikuwa na keria wala madigadi, wala taa, na hapo ndipo bei ya kibandiko inapoanza kukua: kufuli 1,200, helmeti 2,500, taa mbili 800, madigadi 900, keria nyepesi 1,300, pampu 600. Nilitoka na stakabadhi za 36,800. Muulize muuzaji mapema ni nini kinachokuja na baiskeli na nini kinachouzwa kando, na ujumlishe mwenyewe kabla ya kufurahi.

Siku ya kwanza ya kazi nilifika kwa dakika 27. Nilidhani nimekosea saa. Kurudi, kwa kuwa ni mteremko, dakika 22. Matatu hiyo hiyo ya asubuhi, ikikwama pale karibu na Junction, ilinichukua dakika 40 hadi saa nzima na zaidi, ukijumlisha kuisubiri na kutembea. Mlima wa Ngong Road nilioshuka kwa aibu na Mamba niliupanda nimekaa, gia ya pili kati ya saba za nyuma, napumua vizuri, nikiwapita waliokaa garini. Gia ninazozitumia kweli ni tano au sita tu. Hizi 21 zinazoandikwa kwenye baiskeli ni hesabu ya magurudumu matatu ya meno ya mbele mara saba ya nyuma, na nyingi zinarudiana. Usiongeze hata shilingi elfu kwa ajili ya namba hiyo.

Sasa nieleze kilichonifundisha zaidi ya safari zote hizo.

Mwezi wa Mei, masika yakiwa hayajaisha, kipande cha chupa kilikata tairi la nyuma ubavuni. Ubavu ukikatwa hauzibiki kwa kiraka, tairi ni la kubadilisha. Nikaingia duka la vipuri, nikaomba tairi la baiskeli kubwa. "Ya ishirini na nane?" Nikasema ndiyo, kwa sababu hata lililokatika lilikuwa na 28 ubavuni. Nikalipa 650, nikashukuru kwamba ni rahisi, nikalipeleka kwa fundi wangu karibu na reli, mzee tunayemwita Jaduong'.

Tairi liliingia kwa ulaini mno. Jaduong' akanyamaza. Kwa kawaida tairi jipya hulipigania kwa vidole gumba mpaka vinakuwa vyekundu, na hili lilipanda rimu kama kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto. Akatia upepo kidogo, akazungusha. Akaongeza. Upande mmoja ukavimba, tairi likaruka nje ya rimu, na tyubu ikapasuka kwa mlio uliowatoa watu vibandani.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "wewe ni mtu wa hesabu na hujasoma hesabu ya hapa?"

Akasafisha matope kwa kidole gumba kwenye tairi la zamani, akanionyesha namba ndogo zilizoinuka kwenye mpira: 40-622. Kisha kwenye lile jipya: 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu. Yote mawili huitwa 28 madukani, lakini 635 ni la Black Mamba, na 622 ni la haibridi na baiskeli za mbio. Tofauti ni milimita 13, upana wa kidole kimoja, nayo ilinigharimu 650 na nusu siku ya kazi. Baiskeli nyingi za milimani za inchi 26 ni 559. Namba hizo za pili ndizo za kweli, na zimeandikwa karibu kwenye kila tairi. Hizi za inchi ni majina tu ya kuitana.

Tairi la 622 nililipata siku ya tatu, mjini, kwa 1,450. La Mamba lingepatikana dakika tano kutoka mlangoni kwangu, kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Tangu siku hiyo kila ninapoitathmini baiskeli ya mtu naanza na swali hili: kipuri kikikufia leo jioni, utakipata kwa miguu kabla ya kesho asubuhi? Baiskeli ni njia yako ya kufika kazini, na bosi hatakusubiri siku tatu.

Ukishalishika swali hilo, mengine yanajipanga. Vali ya tyubu, kwa mfano. Yangu ilikuja na ile vali nyembamba yenye kiskrubu kidogo kichwani, na pampu ya kompresa ya mafundi wa pikipiki haiishiki. Kuna kifuniko cha shaba cha kuunganisha, kidogo kama punje ya mahindi, shilingi 100. Nunua viwili, kimoja kikae kwenye ufunguo wa nyumba.

Breki pia. Muuzaji alinisukuma sana nichukue yenye breki za diski kwa 6,000 zaidi. Nashukuru nilikataa. Zangu ni za kubana rimu, mipira yake naipata popote, na hata mimi nimejifunza kuibadilisha. Ni kweli, kwenye mvua unapaswa kuanza kuzibana mapema, na mchanga wa tope la Naivasha Road unazila haraka. Diski ingesimama vizuri zaidi. Lakini pedi za diski kila aina ina umbo lake, na sitaki kuzitafuta kama nilivyotafuta tairi.

Kipo kidude kimoja ambacho karibu kila mnunuzi hukisahau. Nyuma ya fremu, ule mkono unaohamisha mnyororo kutoka gia hadi gia umefungwa kwenye kisikio kidogo cha metali laini. Kisikio kimetengenezwa kipinde ili fremu isivunjike. Chumbani kwangu baiskeli iliangukia upande huo, kikapinda, na mnyororo ukaanza kurukaruka. Jaduong' alikinyoosha kwa 150, akanionya kwamba cha namna hii hakinyooshwi mara nyingi bila kukatika. Kila fremu ina umbo lake la kisikio. Siku unayonunua baiskeli mpya ya gia, kabla hujatoka dukani, dai uuziwe kisikio cha akiba. Mimi sikujua, na nilipouliza baadaye niliambiwa hakipo.

Na fremu yenyewe. Yangu ni alumini, ndiyo maana ni nyepesi na ndiyo maana haishiki kutu. Lakini ikipasuka, fundi wa kuchomelea wa jua kali hana la kuifanya kwa mashine aliyonayo. Fremu ya chuma anaichomelea kwa dakika kumi na unarudi barabarani. Wauzaji wengine hawajui wanachouza ni kipi, kwa hiyo nenda na sumaku ndogo mfukoni. Ikinasa ni chuma, ikianguka ni alumini.

Nije kwenye daftari. Katika miezi saba, nauli ambayo ningelipa ni 19,600. Natoa 1,300 nilizotumia siku kumi za mvua kubwa nilipoiacha baiskeli nikapanda matatu. Inabaki 18,300. Matengenezo yote yalikuwa 2,900: tairi lisilofaa na tairi lililofaa, vali, mipira ya breki, pancha mbili, mafuta ya mnyororo, na kisikio. Nilichookoa kwa kweli ni 15,400, sawa na 2,200 kwa mwezi. Kwa mwendo huo, zile 36,800 zitarudi zote baada ya miezi 17 kasoro kidogo.

Haibridi ya mtumba, kwa 14,000, marekebisho 4,300, na kufuli, helmeti, taa na pampu za 5,100, ingekuwa 23,400. Kwa matumizi yale yale ingejilipa kwa miezi kumi na nusu na kidogo. Black Mamba mpya pamoja na vitu hivyo vinne ni 18,600, na kwa kuwa jirani yangu hatumii zaidi ya 200 kwa mwezi kuitengeneza, ingejilipa kabla ya mwezi wa nane kuisha. Kwa hesabu tupu Mamba imeshinda, na sitamdanganya mtu. Lakini mimi najua kwamba Mamba ningeiacha. Mwezi wa pili au wa tatu, asubuhi moja ya baridi, ningeutazama ule mlima kwa akili nikarudi kwenye matatu, na baiskeli isiyoendeshwa haijilipi kamwe. Wepesi wa haibridi ndio ulionifanya niamke siku baada ya siku.

Barabarani bado pana taabu ambayo hakuna baiskeli inayoiondoa. Ngong Road ilipopanuliwa ilipewa njia ya kando kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na sehemu zilizo wazi ni raha tupu. Kisha unakuta kibanda, pikipiki zimepangwa, makochi ya kuuzwa yameanikwa, na unasukumwa kwenye lami pamoja na mabasi. Kaunti ya Nairobi ina sera ya usafiri usio wa magari tangu mwaka 2015. Ningependa kuiona ikifika Naivasha Road, ambako hakuna hata mstari. Na mwanamke juu ya baiskeli bado hutazamwa. Wiki za kwanza waendesha boda walinitania kila kona. Sasa wananiita "Mama Baiski" na kunipisha. Dada zangu wanaoogopa macho hayo, niwaambie kwamba yanachoka kabla yenu.

Basi, ununue ipi? Kama unabeba mzigo, maji, mkate, mkaa, chukua Mamba, au Buffalo ukiipata. Kama safari yako ni chini ya kilomita tatu na ni tambarare, chochote chenye breki nzima kitakufaa. Kama unakwenda kilomita tano au zaidi kwenye lami kila siku, una mlima njiani na mzigo wako ni begi tu, haibridi ndiyo. Mpya yangu naipenda na siiuzi. Lakini ningerudi Januari na pesa zile zile, ningenunua ya mtumba yenye fremu ya chuma, breki za kubana rimu na gia saba za nyuma, nikabaki na 13,400 mkononi, na kati ya hizo ningeweka tairi moja la akiba chini ya kitanda.

Na ninyi wenye maduka ya vipuri kuanzia Makina hadi Kawangware: haibridi zimeanza kuingia mitaani kwetu, nimehesabu sita njiani mwangu mwezi wa Agosti peke yake. Agizeni tairi za 622. Hata mbili tu, zitundikeni mbele ya mlango, na mwandike namba hiyo kwa chaki juu yake.